Skuta si Boxer: mafundi wajibu barua za wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Kisumu, Nakuru na kaunti za magharibi, na karibu zote zinahusu skuta za petroli za bei nafuu: cc 125 au 150, mkanda badala ya mnyororo, injini ya aina inayoitwa GY6. Majina yaliyobandikwa kwenye plastiki ni mengi lakini injini ni ile ile, kwa hiyo vipimo vilivyo hapa vitawafaa wengi wenu. Kitabu cha skuta yako kikitaja kipimo tofauti, shika cha kitabu.

SWALI: Hamjambo mafundi? Nimenunua skuta mpya ya cc 150. Ilitolewa kwenye kreti asubuhi, ikafungwa mbele yangu, na saa nane mchana nikaambiwa iko tayari. Mpaka sasa nimeitoa dukani hadi nyumbani Nyalenda tu. Kuna la kufanya kabla sijaanza kuibebesha bidhaa? (Mama Vitenge, Kibuye, Kisumu)

JIBU: Lipo, mama, nalo ni la asubuhi moja. Skuta hutoka kiwandani na bolti zilizokazwa mbio mbio, kisha dukani gurudumu la mbele, usukani, vioo na betri hufungwa na kijana anayetaka kumaliza tatu kabla ya chakula cha mchana. Anza na vile vinavyoweza kukuangusha.

Nati kubwa ya katikati ya gurudumu la nyuma inataka nguvu ya kama nyutoni-mita 110. Huna spana ya kupimia? Chukua mpini wa nusu mita, uulaze sambamba na ardhi, mtu ashike breki ya nyuma, kisha uning'inize mwishoni mwa mpini ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Uzito huo unatosha. Nati ya gurudumu la mbele inatosheka na ndoo hiyo hiyo ikiwa nusu. Halafu simama mbele ya skuta, bana gurudumu la mbele kwa magoti, na usukume usukani kushoto na kulia. Usukani ukizunguka bila gurudumu kufuata, bolti ya shingo imelegea, na hapo usiendeshe hata mita moja. Shika pia bolti mbili za kalipa ya breki ya mbele.

Ekzosi ina nati mbili ndogo kwenye kichwa cha silinda ambazo hulegea mara tu chuma kinapozoea kupata joto na kupoa. Zikaze tena ukifika kilomita 50, injini ikiwa baridi, kwa mkono mwepesi. Zikikatikia ndani, kazi ya dakika tano inageuka ya kutwa.

Upepo wa tairi tusiuache kwa makisio. Kwa tairi za 3.50-10, weka psi 25 mbele na 30 nyuma. Ukiwa na mzigo au abiria, nyuma ifike 32 au 33. Pima asubuhi. Mchana wa Kisumu tairi lililokaa juani litakupa namba ya uongo. Breki ya nyuma ya ngoma irekebishwe kwa nati iliyo mwisho wa kebo hadi mkono wa breki ucheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kushika. Breki mpya ya mbele haishiki vizuri mpaka pedi zizoeane na sahani, kwa hiyo tafuta barabara tupu, fikisha kilomita 40 kwa saa, punguza hadi 10 bila kubana breki ghafla, na urudie hivyo mara 20.

Sasa betri, na hapa ndipo skuta nyingi huharibiwa siku ya kwanza. Betri ndogo za aina hii huja kavu, asidi ikiwa pembeni kwenye vichupa vyake. Dukani asidi humiminwa, kifuniko hubanwa, na baada ya dakika tano injini inawashwa kwa stata. Betri iliyotendewa hivyo hubaki na kama asilimia 80 ya nguvu yake, na safari fupi za sokoni hazitairudishia hiyo iliyobaki. Inavyotakiwa ni hivi: asidi ikishaingia, betri itulie nusu saa hadi saa nzima ili sahani zinywe, kisha ichajiwe polepole kwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Ya ampea-saa (Ah) 7 ipewe ampea 0.7 kwa saa kadhaa, ndipo ifungwe. Yako imeshafungwa, basi ing'oe leo na uichaji usiku kucha kwa chaja ndogo ya pikipiki. Usiipeleke kwa mtu wa kuchaji betri za lori. Ampea 10 zitaikaanga. Ikitulia baada ya chaji, mita ya umeme isome volti 12.8 hivi. Ukisoma 12.4, bado ina njaa.

Kuhusu mwendo: kilomita 500 za kwanza usivuke nusu ya aksileta, na hadi 1,000 usivuke robo tatu. Kinachozidi hapo kwa umuhimu ni kubadilisha kasi. Barabara iliyonyooka ya Ahero, aksileta ikiwa mahali pamoja dakika 20, haifunzi ringi za pistoni chochote. Mizunguko ya mjini, simama-ondoka, ndiyo shule yake. Na vitenge vianze na robota dogo.

SWALI: Habari zenu. Skuta yangu imefika kilomita 1,200. Fundi wa stendi alimwaga oili akaweka chupa nzima ya lita moja. Tangu hapo inatoa moshi, chujio la hewa limelowa oili, na nyuma kuna mlio kama kinu. Injini imekufa? (Mhudumu wa afya ya jamii, Mumias)

JIBU: Bado, lakini usiiwashe tena kabla hujajibu swali hili: oili iliyomwagwa ilikuwa kiasi gani? Kama ilikuwa nusu kikombe cha chai, hiyo haikuwa oili ya injini.

Skuta ina oili mbili. Ya injini ni mililita 800. Ya gia za nyuma, zilizo kwenye boma la chuma kando ya gurudumu, ni mililita 110 hadi 120 tu, nzito zaidi, SAE 80W-90 au 90. Fundi aliyelelewa na pikipiki za mnyororo hana sababu ya kujua kwamba hiyo ya pili ipo. Dalili zako zinaonyesha alifungua bolti ya gia akidhani ni ya injini, kisha akaongeza lita nzima juu ya oili iliyokuwamo. Sasa injini imeshiba zaidi ya maradufu, na gia zinasagana kavu.

Hata kama alimwaga ya injini kweli, lita moja ni nyingi. Zile mililita 200 za ziada hupigwa na krenki, yaani mtaimbo unaozungushwa na pistoni, zikawa povu, na povu hilo husukumwa kupitia mpira wa pumzi hadi kwenye sanduku la chujio la hewa. Moshi ni hiyo oili ikivutwa tena ndani na kuungua.

Mwaga zote mbili. Ya injini imwagwe ikiwa na joto la wastani, skuta ikiwa kwenye stendi ya katikati. Chini kuna kofia kubwa yenye wavu na springi ndani yake. Ukiifungua pole springi haitakurukia mchangani. Osha wavu kwa petroli, uurudishe kwanza wavu, kisha springi, kisha kofia. Nyuzi za hapo ni za alumini, kwa hiyo anza kuikaza kwa vidole. Mimina mililita 800 za 10W-40 au 15W-40, washa dakika mbili, zima, ngoja tatu. Futa kijiti cha kupimia, kiingize bila kukizungusha kwenye nyuzi, kisome. Ukikifunga ndipo usome, kitazama zaidi na kukudanganya kwamba oili ni nyingi.

Kwa oili ya gia nenda duka la agroveti ununue sindano ya mililita 60 isiyo na ncha. Jaza mara mbili, kazi imekwisha. Oili ya gia iliyotoka ikiwa na vumbi linalometa, ni kawaida kwa skuta mpya. Ikiwa na vipande vinavyoshikika kwa kucha, boma lifunguliwe.

Chujio la hewa: sponji huoshwa kwa maji na sabuni, ikakaushwa kabisa, la karatasi lililolowa oili halioshwi, hununuliwa jingine. Futa na sanduku lenyewe.

Injini hii haina chujio la karatasi la oili, ina ule wavu tu, na wavu huzuia takataka kubwa peke yake. Kwa sababu hiyo oili ya injini hubadilishwa mapema: kilomita 300, kisha 1,000, halafu kila 1,500. Oili ya gia ibadilishwe kwenye 500 za mwanzo, kisha kila 5,000. Ukiona kwenye chupa alama ya JASO MA au MB usihangaike: MA ni kwa ajili ya klachi inayoogelea kwenye oili, na klachi ya skuta ni kavu. Zote mbili zitakufaa.

SWALI: Mafundi, skuta yangu ya cc 150 ina kilomita 1,800. Asubuhi inakataa kuwaka kwa stata wala kiki, ikiwaka hufa nikigusa aksileta. Ikishapata joto inatulia, ila mlimani haina nguvu. Aliyeniuzia anasema ni mwinuko wa huku, ninunue jeti nyingine ya kabureta. Ni kweli? (Mwalimu, Njoro)

JIBU: Nusu kweli, mwalimu, na ile nusu ya pili ndiyo inayokusumbua.

Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru mjini kama 1,850, na wewe Njoro umevuka 2,000. Kila mita 1,000 hula karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu ya injini ya kabureta, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Skuta yako, basi, imepoteza kama sehemu moja ya tano ukilinganisha na ya Mombasa, na hakuna jeti itakayoirudisha. Jeti, yaani kile kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, hurekebisha mchanganyiko wa petroli na hewa tu. Tena skuta hizi huja kiwandani zikiwa zimebaniwa petroli, hivyo hewa nyepesi ya huko inaweza hata kuusawazisha mchanganyiko wake. Jeti iwe ya mwisho, nayo ishuke hatua moja ndogo, mfano kutoka 110 hadi 107.

Tatizo la asubuhi linaloondoka na joto, kwenye skuta ambayo haijaguswa tangu dukani, mara nyingi ni tapeti, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa kati ya valvu na roka, mkono unaoisukuma. Valvu mpya hujichimbia kwenye viti vyake, nafasi inakwisha, valvu haifungi sawasawa, na mgandamizo wa hewa huvujia hapo injini ikiwa baridi na stata ikizunguka polepole.

Kazi hii hufanywa injini ikiwa imelala usiku kucha. Fungua kifuniko cha valvu, bolti nne za spana ya 8. Upande wa kulia kuna feni. Izungushe kwa mkono hadi alama ya T ilingane na alama ya kwenye boma. Tazama gia ya kamshafti: tundu lake kubwa liwe limeelekea mbali na silinda, na yale madogo mawili yawe sambamba na ukingo wa kichwa. Roka zote mbili zicheze kwa vidole. Zisipocheza, umekosea mzunguko, zungusha mara moja zaidi. Legeza nati ndogo, mara nyingi ni ya 9, ingiza bati la fila (bati jembamba la kupimia nafasi) la milimita 0.10, zungusha skrubu hadi bati liteleze kwa ukinzani mdogo kama kisu kwenye siagi ya baridi, kaza nati, kisha pima tena. Kipimo hicho cha pili ndicho wengi hukiruka, na nati hupenda kuiburuta skrubu inapokazwa. Valvu zote mbili 0.10. Baada ya hapa rudia kila kilomita 3,000.

Isipoponya, shuku choki. Skuta ina choki ya umeme kando ya kabureta, kichupa cheusi chenye nyaya mbili. Injini ikiwaka dakika tano kiwe na joto mkononi. Kikiwa baridi, hakipati umeme au kimekufa. Na asubuhi usizungushe aksileta unapowasha. Choki hii hufanya kazi aksileta ikiwa imefungwa, ukiifungua unaifuta kazi yake.

Plagi nayo: aina ya C7HSA kwa nyingi ya injini hizi, pengo la milimita 0.6 hadi 0.7. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, mchanganyiko ni sawa. Nyeusi kavu, petroli imezidi au chujio limeziba. Husemwa kwamba jina Nakuru limetokana na neno la Kimaasai la vumbi, na ukilifungua chujio la hewa la skuta ya huko mwezi wa pili hutabisha. Lisafishe kila kilomita 1,000 kiangazi.

SWALI: Nilipita maji ya mafuriko, yalifika karibu na sakafu ya miguu. Injini haikuzima ila gurudumu lilikataa kuzunguka hata nikivuta aksileta yote. (Kijana wa Kano, Ahero)

JIBU: Mkanda ulilowa ukateleza. Kuvuta aksileta hapo ni kuupika mkanda na klachi, kwa hiyo acha injini itulie au uizime. Fungua kifuniko cha kushoto, futa kwa kitambaa safi mkanda, sahani za variata (puli ya mbele inayobeba mkanda) na bakuli la klachi, acha vikauke. Usipulizie dawa yoyote ya mafuta humo, hata ile ya kufukuza maji. Kisha tazama oili zote mbili. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, imeingia maji, mwaga siku hiyo hiyo. Tairi la inchi 10 lina nusu kipenyo cha sentimita 21 au 22: maji yakifika katikati ya gurudumu, shuka usukume ukiwa umezima.

SWALI: Kila nikijaza tangi pomoni, skuta inanuka petroli na kukataa kuwaka kwa nusu saa. Nikiweka ya nusu haisumbui. (Msomaji, Busia)

JIBU: Umejijibu mwenyewe. Nafasi ya juu ya tangi ni ya hewa na ya petroli kutanuka kwa joto. Ukiijaza hadi shingoni, petroli huingia kwenye mpira wa kupumulia, na kwenye skuta zenye kopo la makaa la kunasa mvuke wa petroli hulowesha kopo, ikavutwa moja kwa moja hadi injini. Pampu ikijikata mara ya kwanza, mwambie wa pampu aache. Shida ikibaki hata kwa nusu tangi, chomoa ule mpira mwembamba unaotoka kwenye njia ya hewa ya injini hadi kwenye vali ya petroli. Ukiwa na petroli ndani, kiwambo cha vali kimetoboka. Hununuliwa vali nzima, haishonwi.

SWALI: Nabeba maziwa lita 60 kutoka Nandi Hills. Skuta ina kilomita 9,000. Nikiondoka inatetemeka, kuna harufu ya kuungua, na spidi haivuki 50 tena. Fundi amebadilisha plagi mara mbili. (Mkulima)

JIBU: Plagi haina kosa, mzee. Vitu vitatu vimechoka pamoja, vyote chini ya kifuniko cha kushoto.

Mkanda kwanza. Soma maandishi yake kabla ya kununua: 842-20-30 maana yake urefu milimita 842, upana 20, pembe nyuzi 30. Kuna skuta za cc 150 zenye boma fupi zinazotumia 743, na muuzaji asiyejua atakupa utakaokaa legelege. Pima upana kwa kalipa ya kupimia. Ukishuka hadi 18, au una nyufa kwenye mizizi ya meno, tupa. Mkanda uliokonda huzama kwenye variata na kuishiwa na spidi, na hiyo ndiyo 50 yako. Kwa mzigo na milima ya huko ufungue kila kilomita 4,000 uutazame. Ukikatika ukiwa kwenye mteremko na maziwa nyuma, utabaki na breki tu.

Pili rola sita zilizo ndani ya variata. Zikiwa na ubapa upande mmoja, badilisha zote sita za uzito ule ule. Humo hakuna grisi, isipokuwa kitabu kikisema.

Tatu klachi. Mtetemo wakati wa kuondoka ni viatu vilivyong'aa kama kioo na bakuli lililopata rangi ya samawati kwa joto. Msasa wa namba 120 kwa viatu na ndani ya bakuli husaidia kama bitana bado ipo. Chanzo chake ni kuishikilia skuta mlimani kwa aksileta badala ya breki, viatu vikisuguana na bakuli bila kushika. Ukisimama mlimani, shika breki, achia aksileta kabisa, kisha uondoke kwa mkupuo mmoja. Kwa lita 60, punguza ziwe 40 na uende mara mbili, hasa wiki ya kwanza ya mkanda mpya.

Onyo wakati wa kurudisha: sahani ya nje ya variata ina meno yanayoingia kwenye meno ya krenki. Mkanda ukibanwa vibaya, sahani hukaa juu ya meno bila kuingia, nati inakazwa, na baada ya kilomita chache meno ya krenki yanasagika. Hapo ni krenki mpya. Bana mkanda kuelekea ndani kabisa upande wa klachi ili ulegee upande wa mbele, hakikisha sahani imeingia meno, ndipo ukaze nati kwa nyutoni-mita 55, yaani ndoo yetu ikiwa nusu.

SWALI: Taa ya mbele hufifia nikisimama na kuwaka sana nikiongeza mwendo. Betri imeisha? (Msomaji, Lanet, Nakuru)

JIBU: Kwenye nyingi ya skuta hizi taa ya mbele hulishwa moja kwa moja na jenereta ya injini, si na betri, kwa hiyo hufuata mwendo wa injini. Hakikisha tu injini inatulia kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika. Betri ipimie kwenye nguzo zake injini ikienda kasi ya wastani: kati ya volti 13.5 na 14.8 ni salama. Zaidi ya 15, kidhibiti chaji kimeharibika na balbu zako zinafuata.